Namba za Abingdon

Simu ya kiwanda cha magari ya MG mjini Abingdon, Uingereza, ilikuwa namba 251. Kampuni ilihamia hapo mwaka 1929 ikitokea Oxford, enzi za mkuu wake Cecil Kimber, ikajiwekea desturi yake: modeli mpya ikianza, gari la kwanza halikupewa namba 1, lilipewa 0251. Ndivyo TC ilivyoanza mwaka 1945, na TD iliyoifuata pia. Namba ilipigwa kwenye ncha ya mbele ya fremu, upande wa kushoto, kisha ikarudiwa kwenye kibati chini ya boneti.

TF ya mwaka 1953 ikaivunja desturi hiyo. Ilianza na 0501, ikaishia 10100. Miaka miwili baadaye ikaja MGA, gari lenye umbo jipya kabisa, na namba yake ya kwanza ikawa 10101!

Wakati huo MG ilikuwa chini ya kampuni ya BMC, iliyozaliwa mwaka 1952 Austin na Morris zilipoungana, na vibati vikaanza kusema mengi. Chukua MGA ya awali yenye msimbo HDA43. D ni gari la wazi la viti viwili. A ni rangi nyeusi. 4 ni Amerika Kaskazini. 3 ni rangi ya selulosi. Ukilikuta gari hilo leo ni jekundu, basi kuna aliyelipaka upya. Mwenye gari ana haki ya kuchagua rangi, lakini muuzaji anayeapa kwamba wekundu huo ni wa kiwandani anaumbuliwa na herufi moja.

MGB ya mwaka 1962 ilitoka na msimbo GHN3, na wengi huzitafuta GHN zilizotangulia. Zilikuwa za MGA: ile ya 1600 ilibeba GHN bila tarakimu, Mark II ikabeba GHN2. Kioja kikubwa zaidi ni cha mapacha wa Abingdon. Mwaka 1961 Austin-Healey Sprite Mark II na MG Midget yalitengenezwa pamoja, yakifanana karibu kila kitu. Sprite likaitwa HAN6, kwa kuwa la kwanza lilikuwa AN5. Midget likaitwa GAN1.

Kisha Marekani, iliyokuwa soko kubwa kuliko yote kwa MG, ikataka namba isomeke kupitia kioo cha mbele. Msimbo nao ukarefuka: GHN5UA ni MGB ya Marekani ya modeli ya mwaka 1970.

Kiwanda kilifungwa Oktoba 1980. MGB ya mwisho ilikuwa namba 523002, na hesabu ilikuwa imeanzia 101. Hata hivyo magari yaliyotengenezwa yalikuwa kama 513,000 tu, kwa sababu modeli ilipobadilishwa, mara nyingi namba ziliruka hadi mwanzo mpya, kama 258001 au 410001, na zilizorukwa hazikupewa gari lolote.