Sindano Tano za Yambuku

Huko Marekani kazi ya kusimamia hatari hospitalini ilizaliwa mahakamani. Katikati ya miaka ya 1970 kesi za uzembe wa tiba ziliongezeka, ada za bima zikapaa, kampuni kadhaa za bima zikajitoa, na hospitali zikalazimika kuajiri watu wa kuchunguza ajali kabla mawakili hawajazichunguza. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haikupita njia hiyo. Kamina, mji mkuu wa mkoa wa Haut-Lomami tangu mikoa igawanywe mwaka 2015, ni mji wa njia panda ya reli, na mkazi wake anayeugua homa hulipia matibabu kutoka mfukoni mwake. Akidhurika, hana kampuni ya bima inayotetemeka kwa ajili yake. Hapa somo la usalama wa mgonjwa lilitoka wodini, wakati wa milipuko, na walimu wake wa kwanza walikuwa maiti za wagonjwa na za wauguzi pamoja. Lakini ninaamini kwamba tumelisoma somo hilo nusu. Tumewafundisha wanaochoma sindano, tukawaacha wanaoamua sindano ngapi zitatoka stoo.

Ushahidi mkubwa uko Yambuku, kaskazini mwa nchi hii, iliyoitwa Zaire mwaka 1976. Hospitali ya misheni pale ilikuwa na vitanda 120 na wahudumu 17, na wagonjwa wa nje walifika kwa maelfu kila mwezi. Tume ya kimataifa iliyochunguza mlipuko wa kwanza wa Ebola nchini humo iliandika jambo ambalo kila msimamizi wa hospitali anapaswa kulijua: kila asubuhi wauguzi walipewa sindano tano tu, za kutumika kwa wagonjwa wa nje, wodini na kliniki ya wajawazito. Kati ya mgonjwa mmoja na mwingine zilisuuzwa kwenye chombo cha maji ya uvuguvugu; jioni, pengine, zilichemshwa. Mwishoni mwa Agosti mwalimu mmoja wa shule ya misheni alichomwa dawa ya malaria kwa homa aliyokuwa nayo. Mlipuko ulipokwisha, wagonjwa 318 walikuwa wamehesabiwa na 280 kati yao wamekufa. Katika wale ambao njia yao ya kuambukizwa ilijulikana, 85 walikuwa wamechomwa sindano hospitalini, na hakuna aliyeambukizwa kwa sindano peke yake aliyepona. Wahudumu 13 kati ya wale 17 waliugua na 11 wakafa. Hospitali ilifungwa tarehe 30 Septemba, na tume ikakiri kwamba kule kufungwa ndiko kulikochangia zaidi kuukata mlipuko. Hospitali yenyewe ilikuwa imegeuka mlango wa ugonjwa.

Hadithi hii husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya ujinga: masista ambao hawakusomea vya kutosha na wauguzi wa kijijini wasiojua vijidudu. Ripoti hiyo hiyo inapinga masimulizi haya, kwa maana inaeleza pia kwamba chumba cha upasuaji cha Yambuku kilikuwa na vifaa vyake vya kutosha, sindano zake zikawekwa mbali na nyingine, na zikatakaswa kwa mvuke kila baada ya matumizi. Basi chini ya paa moja na uongozi mmoja, watu walijua kutakasa na walitakasa. Palipokuwa na vifaa usafi ulikuwapo, na palipokuwa na sindano tano kwa umati wa watu haukuwezekana. Piga hesabu mwenyewe: kuchemsha sindano ya kioo ipasavyo huchukua dakika nyingi, na foleni iko mlangoni tangu alfajiri. Aliyegawa sindano tano asubuhi alikuwa ameshaamua, bila kusema, kwamba kufikia saa nne hazitachemshwa. Muuguzi alitekeleza tu uamuzi uliokwisha kufanywa mahali pengine.

Na kwa nini umati ule ulitaka sindano? Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliijengea sindano sifa vijijini. Dawa za arseniki na bismuti zilifunga vidonda vya buba kwa haraka iliyowashangaza watu, na vikosi vya kupambana na malale vilipita kijiji hadi kijiji vikichoma halaiki. Mafanikio yalikuwa ya kweli. Lakini mafunzo ya Mwafrika aliyeshika sindano yalikuwa mafunzo ya kutii. Udaktari ulibaki wa Mzungu. Cheo cha juu kabisa kwa Mkongo kilikuwa msaidizi wa tiba, chini ya daktari wa Kizungu. Uhuru ulipofika Juni 1960, Shirika la Afya Duniani lililazimika kuwapeleka wasaidizi wa tiba Ufaransa wakamalizie masomo ya udaktari, maana nchi karibu haikuwa na madaktari wake. Urithi wa mfumo ule ni muuguzi anayejua kazi ya mikono vizuri sana lakini hakupewa kamwe mamlaka ya kusema: leo hatuchomi, vifaa havitoshi. Naona hilo ni pengo kubwa kuliko upungufu wowote wa elimu ya vijidudu.

Milipuko hupiga kelele, kwa hiyo hukumbukwa. Madhara ya siku za kawaida hayana kelele. Kati ya 1984 na 1991 mradi wa utafiti wa ukimwi mjini Kinshasa, uliojulikana kama Projet SIDA, ulifanya kazi katika hospitali ya Mama Yemo. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 1988 ulionyesha jambo zito: watoto walioletwa na malaria, damu ikiwa imepungua, waliongezewa damu ili waokolewe, na baadhi yao walipata virusi vya ukimwi kwa damu ile ile. Hapakuwa na siku ya kutangaza mlipuko, wala kordoni ya askari. Kila uongezaji damu ulikuwa tendo la huruma lililofanywa na watu wenye nia njema, na dhara lilionekana tu kwa sababu mtu aliweka daftari, akahesabu, akalinganisha waliopewa damu na wasiopewa. Hiyo ndiyo kazi ya msimamizi wa hatari kwa maana yake halisi. Mradi ulikufa katika uporaji wa Septemba 1991, watafiti wakaondoka, na hesabu ya namna ile ikaondoka nao.

Kikwit, mwaka 1995, ilionyesha nguvu ya mafunzo na kikomo chake kwa wakati mmoja. Tangu Januari Ebola ilizunguka mjini humo bila kutambuliwa. Mwezi wa Aprili fundi wa maabara alifanyiwa upasuaji wa tumbo katika hospitali kuu, na waliomhudumia wakaanza kuugua mmoja baada ya mwingine. Waliougua walikuwa 315, wanne kati ya kila watano wakafa, na 80 kati ya wagonjwa walikuwa wahudumu wa afya. Profesa Jean-Jacques Muyembe, ambaye mwaka 1976 alitoa damu ya wagonjwa wa Yambuku kwa mikono mitupu, alikuwa tena mstari wa mbele. Mwezi wa Mei glavu, barakoa, aproni na mafunzo ya kujikinga vilifika pamoja, na maambukizi mapya kwa wahudumu yalikaribia kukoma. Ninasisitiza neno "pamoja". Wasimuliaji wengi husifu mafunzo na kuyasahau maboksi, ilhali bila maboksi mafunzo yale yangekuwa nasaha kwa watu wanaokufa. Na mlipuko ulipokwisha, misaada iliondoka, maboksi yakaisha, cheti kikabaki ukutani.

Mtu mwenye busara atanijibu kwamba kama tatizo ni vifaa, basi mafunzo hayana maana na fedha zake zinunue sindano. Pingamizi hili lina ukweli mwingi, na mfano wake bora ni sindano inayojifunga baada ya kutumika mara moja. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA yalitoa tamko la pamoja kutaka chanjo zote zichomwe kwa sindano za namna hiyo ifikapo mwisho wa 2003. Kifaa hicho hakimwombi muuguzi awe shujaa. Hakiwezi kurudiwa, basi. Lakini tazama nani aliyefanya uamuzi ule: watu wa manunuzi na sera, waliokuwa wameelewa hatari inatoka wapi. Kwa hiyo jibu langu si kufuta mafunzo, bali kuyapandisha ngazi. Anayeandika oda ya vifaa, anayeshika ufunguo wa stoo, muuguzi mkuu anayepanga zamu, mkurugenzi wa hospitali na mganga mkuu wa zoni ya afya ndio wa kukaa darasani kwanza.

Tena si kila hatari hudai fedha. Mwishoni mwa 2014 na mwaka 2015, huko Ituri, mamia ya watu walilazwa shingo, uso na ulimi vikiwa vimepinda. Kwanza ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo, wengi wakachomwa mgongoni kutolewa maji. Uchunguzi ukagundua vidonge vilivyouzwa kama diazepamu vilikuwa na haloperidoli, dawa nyingine kabisa. Ukweli ulipatikana kwa sababu wahudumu walioona kisa baada ya kisa walikataa kuridhika na jibu la kwanza, wakaandika, wakauliza mgonjwa alikula nini, wakapeleka vidonge maabara. Daftari na swali havikuhitaji mfadhili. Na mjini Ifakara, Tanzania, hospitali ya Mtakatifu Francis ilikuwa mojawapo ya hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya ukaguzi ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani; matokeo ya jumla yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha ile ni karatasi moja. Nguvu yake ni kwamba inampa muuguzi ruhusa ya kumsimamisha mpasuaji na kuuliza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba utaratibu wa kuandika makosa umetoka katika nchi za mahakama na bima, na ukiletwa mahali ambapo muuguzi anaweza kufukuzwa, au kupigwa na ndugu wa marehemu, utazaa uficho tu. Hofu hii ni ya kweli. Ila uficho uliopo tayari una gharama yake. Katika mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri wa 2018 hadi 2020, uliofikia wagonjwa 3,470 na vifo 2,287, vituo vidogo vya afya vilikuwa tena mahali pa kuambukizana, na watu wa Beni na Butembo waliziogopa hospitali kwa sababu walizozijua vizuri. Imani ya wananchi ndiyo mahakama ya Kongo: mgonjwa akikata shauri kwamba kituo kinaua, haji. Daftari la makosa linaweza kuandikwa bila majina, likisomwa na uongozi kwa ajili ya kurekebisha stoo na zamu. Daftari likigeuka orodha ya wa kuadhibiwa, kosa ni la uongozi.

Tarehe 4 Septemba 2025 Ebola ilitangazwa Bulape, Kasai. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa mama mjamzito aliyelazwa katika hospitali kuu ya pale mwezi wa Agosti, na siku ya tangazo wahudumu wanne wa afya walikuwa tayari miongoni mwa marehemu 15. Bulape iko jirani na Mweka, mji wenye stesheni katika reli ile ile inayotoka Ilebo, ikapita Kananga na Mwene-Ditu hadi Kamina. Mlipuko ulikwisha Desemba bila kufika Haut-Lomami. Hospitali na vituo vya Kamina vina nafasi ya kufanya katika siku za utulivu lile ambalo Yambuku haikufanya: viongozi wake waketi na daftari la wagonjwa mkono mmoja na leja ya stoo mkono mwingine, walinganishe idadi ya waliochomwa sindano mwezi uliopita na idadi ya sindano zilizotoka, na tofauti ikionekana wamwite mwenye ufunguo wa stoo kabla ya kumwita muuguzi.