Zabibu Sita Zilizopigwa Marufuku

Rafiki yangu mmoja aliyehamia Dodoma pamoja na wizara yake amepata kiwanja, amejenga, na sasa anataka kupanda mizabibu ishirini nyuma ya nyumba ili apate mvinyo wa kunywa yeye na wageni wake. Aliniuliza apande aina gani. Mimi si bwana shamba. Nilimshauri awaone watafiti wa Makutupora, nikamtajia majina ambayo wakulima wa huko wanayajua vizuri kuliko mimi: Makutupora nyekundu, Chenin Blanc, Syrah. Hata hivyo swali lake halikuniacha, kwa kuwa iko nchi ambako swali hilohilo, la mtu wa kawaida apande zabibu gani uani kwake, lilijibiwa na bunge. Nchi hiyo ni Ufaransa, na jibu lilitolewa tarehe 24 Desemba 1934.

Turudi nyuma kidogo. Katika miaka ya 1860 mizabibu ya kusini mwa Ufaransa ilianza kunyauka bila sababu iliyoonekana. Mwaka 1868 Jules-Émile Planchon, profesa wa Montpellier, pamoja na wenzake walifukua mizizi wakakuta mdudu mdogo wa jamii ya vidukari akiifyonza. Mdudu huyo, filoksera, alikuwa ameletwa kutoka Amerika Kaskazini ndani ya miche. Hasara yake inasomeka katika takwimu: mwaka 1875 Ufaransa ilizalisha zaidi ya hektolita milioni 80 za mvinyo, mwaka 1889 zilikuwa takriban milioni 23.

Dawa ilitoka kulekule ulikotoka ugonjwa. Mizabibu ya Marekani ilikuwa imeishi na mdudu huyo kwa karne nyingi na mizizi yake ilimstahimili. Hapo njia zikawa mbili. Mwenye mtaji alibebesha mzabibu wake wa Ulaya juu ya shina la Kimarekani, akaendelea kuvuna zabibu zilezile za babu yake. Asiye na mtaji alipanda mzabibu wa Kimarekani au chotara wake moja kwa moja, bila kubebesha chochote. Majina ya machotara hao bado yanatajwa vijijini: Noah, Clinton, Isabelle, Jacquez, Herbemont, Othello.

Kwa kaya maskini hii haikuwa njia ya pili kwa ubora. Mizabibu hiyo ilistahimili pia ubwiri unga na ubwiri vinyoya, maradhi mengine mawili yaliyovuka bahari kutoka Amerika, kwa hiyo mwenye nayo hakulazimika kununua mrututu na chokaa kila msimu. Ilipanda juu ya kichanja mbele ya mlango, ikatoa kivuli kiangazi na mapipa machache ya mvinyo baada ya mavuno. Katika milima ya Cévennes, ambako ardhi tambarare ni chache, mzabibu uliopandishwa juu ya mti au kichanja uliacha udongo wa chini kwa mboga. Ladha yake, nakiri, si ya kila mtu. Isabelle ina harufu ya stroberi, na Noah ina harufu ambayo Wafaransa wenyewe huifananisha na ya mbweha. Lakini aliyezoea huipenda.

Kwa nini basi serikali iingie uani kwa watu? Mwaka 1907 wakulima wa zabibu wa Languedoc, wakiongozwa na Marcelin Albert, waliandamana kwa mamia ya maelfu dhidi ya kuporomoka kwa bei na mvinyo wa kughushi. Watu waliuawa kwa risasi mjini Narbonne, na askari wa kikosi cha 17 wakaasi. Hakuna serikali iliyofuata iliyosahau mwaka huo. Kufikia miaka ya 1930 mvinyo ulikuwa umezidi tena, safari hii ukiongezwa na mashamba ya walowezi wa Algeria, karibu hekta 400,000. Ilibidi mizabibu ya mtu ing'olewe. Kuwagusa walowezi na wenye mashamba makubwa kulikuwa na gharama ya kisiasa. Mwenye kichanja kimoja hakuwa na mbunge wa kumtetea.

Sheria ikakataza kuuza na kusafirisha mvinyo wa aina zile sita, na kuzipanda. Aliyekuwa nao aliweza kuunywa nyumbani kwake, lakini hakuruhusiwa kupanda mche mwingine; sheria ilimsubiri afe pamoja na mzabibu wake. Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaja mkazo mpya wa kuing'oa, na pamoja nao maelezo kwamba mvinyo huo una methanoli, unapofusha na kutia wazimu.

Hapa nawaomba wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma wasome polepole. Methanoli ni sumu ya kweli. Sisi Afrika Mashariki tumezika watu kwa sababu yake, na hao si wa kufanyiwa mzaha. Lakini waliokufa waliuawa na pombe kali iliyochanganywa kemikali na mtu asiyejali. Mvinyo wowote huwa na methanoli kidogo itokayo kwenye maganda; zabibu hizi hutoa zaidi kidogo, na si kiasi cha kumpofusha mnywaji. Hoja ya afya ilibeba mzigo wa hoja ya soko. Ninapofundisha sheria za kikoloni za pombe za kienyeji, au safari ndefu ya chang'aa nchini Kenya hadi iliporuhusiwa kisheria mwaka 2010, huwauliza wanafunzi swali moja kuhusu kila katazo: ni mvinyo au bia ya nani iliyobaki mezani baada ya hapo?

Wakulima wa Burgenland, kusini-mashariki mwa Austria, walipigania mvinyo wao wa aina hiyo, Uhudler, hadi ukaruhusiwa mwaka 1992. Katika Cévennes wapo wanaotunza Jacquez na Clinton hadi leo, ingawa kanuni za Ulaya bado zinawazuia kutengeneza mvinyo wa kuuza kwa aina zile sita na kuwaachia wa matumizi ya nyumbani tu.

Rafiki yangu nilimjibu hatimaye, kwa ujumbe mrefu kuliko alivyotaka. Nilimwambia asianze na ladha. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, na zao linaloiva wakati wa mvua ndilo linalokamatwa na ubwiri. Aulize kwanza ni aina ipi itakayovumilia miezi hiyo kwa dawa kidogo, na nani atakayepiga dawa hiyo akiwa safarini kikazi.