Kambi za Uhifadhi katika Jangwa la Death Valley, 1933–1942: Ajira, Barabara na Suala la Ardhi

Historia ya kambi za uhifadhi zilizoanzishwa nchini Marekani wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi aghalabu huandikwa kama historia ya ajira. Insha hii inajenga hoja kwamba, katika jangwa la Death Valley, California, historia hiyo haikamiliki pasipo kuzingatia suala la ardhi.

Mwaka 1933 takribani robo ya nguvukazi ya Marekani haikuwa na kazi. Tarehe 11 Februari, Rais Hoover aliitangaza Death Valley kuwa eneo la hifadhi. Mwezi uliofuata, mrithi wake, Roosevelt, alitia saini sheria iliyozaa Kikosi cha Uhifadhi cha Raia. Kijana aliyejiunga alilipwa dola 30 kwa mwezi, na kwa kawaida dola 25 kati ya hizo zilipelekwa kwa familia yake. Hivyo, kambi ya jangwani ilizilisha kaya za mbali.

Mazingira ndiyo yaliyopanga ratiba. Bonde hilo, lililorekodi joto la nyuzi 56.7 za Selsiasi mwaka 1913, halikuruhusu kazi nzito msimu wa joto. Shughuli zilihamishiwa Wildrose, katika milima ya Panamint. Kufikia 1942, kikosi kilipovunjwa, vijana walikuwa wametengeneza barabara za takribani kilomita 800, wamejenga majengo 76, na kutandaza mabomba ya maji na nyaya za simu.

Hata hivyo, bonde halikuwa tupu. Watimbisha Shoshone walikuwa wameishi humo tangu kale, na tangazo la hifadhi halikuwatengea ardhi. Katikati ya miaka ya 1930 walipangiwa kijiji cha ekari 40 karibu na Furnace Creek, na nguvu ya kikosi ikatumika kuwajengea nyumba za matofali mabichi. Makazi walipewa, hati ya ardhi hawakupewa. Athari ya pengo hilo ilidhihirika katika miaka ya 1950, pale wasimamizi wa hifadhi walipobomoa baadhi ya nyumba zilizoachwa wazi kwa kuzimwagia maji. Ni mwaka 2000 tu ambapo sheria iliwarejeshea Watimbisha ardhi, zaidi ya ekari 7,000.

Kwa muhtasari, kambi hizi ziliokoa familia zenye njaa na kulifungua jangwa kwa watalii. Lakini barabara hizo hizo ziliimarisha mamlaka iliyowahesabu wenyeji kama wapangaji. Mwanahistoria anayepima mafanikio kwa kilomita na majengo pekee huliacha swali la msingi bila jibu: uhifadhi ulifanywa kwa ajili ya nani?