Ujiji Kabla na Baada ya Livingstone

Msafiri wa peke yake anayetenga Jumamosi na Jumapili kuijua Ujiji hupanda daladala Mwanga, Kigoma mjini, na kabla hajauliza lolote abiria wenzake wameshamwelekeza kwenye mwembe ambapo Stanley alimkuta Livingstone. Ushauri ni mwema, ila unamwingiza katikati ya hadithi.

Wapelelezi Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, walikuwa wamefuata njia iliyokwisha kukanyagwa na misafara ya watu wa pwani. Pembe za ndovu na watumwa waliovushwa kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika walipitia Ujiji kuelekea Tabora na Bagamoyo. Katika miaka ya 1870 mwenye sauti kubwa mjini alikuwa Mwinyi Kheri, mfanyabiashara kutoka pwani ya Mrima, ambaye hatimaye Sultan Barghash wa Unguja alimtambua kuwa mwakilishi wake.

Kwa hiyo misikiti ndiyo mahali pa kuanzia, si mwembe. Msafiri asitarajie minara mirefu. Dini ya Ujiji imejengwa zaidi kwa watu kuliko kwa mawe, na anayevaa kwa heshima na kuomba ruhusa atajifunza mengi zaidi barazani baada ya adhuhuri kuliko kwenye kibao chochote. Wamisionari wa London walifika 1878, na Mapadre Weupe wakawafuata Januari 1879, lakini wote walihamishia vituo vyao sehemu nyingine za ziwa. Ujiji ikabaki mji wa Kiislamu.

Walioupa sura hiyo kwa kiasi kikubwa ni Wamanyema, watu wenye asili ya Kongo mashariki. Wengine walikuja kwa biashara, wengine wakiwa watumwa. Wakashika Kiswahili na Uislamu, na wengi wakasonga mbele hadi pwani. Mmoja wa watu wa asili hiyo, Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Ramiya, alifikishwa Bagamoyo akiwa mtoto mtumwa, akakua kuwa khalifa mkubwa wa tarika ya Qadiriyya. Alifariki 1931. Wafuasi wake walienea kuelekea bara kwa njia ileile ya misafara iliyokuwa imewapeleka watumwa pwani. Ukitafuta kisa kimoja cha kuielezea Ujiji, kisa cha Ramiya kinastahili zaidi ya kile cha Wazungu wawili kuamkiana.

Hata hivyo, mwembeni lazima msafiri afike. Livingstone alirudi Ujiji Oktoba 1871 akiwa mgonjwa, akakuta mali aliyotumiwa imekwisha kuuzwa. Stanley aliandika kuwa walikutana 10 Novemba, ingawa Livingstone mwenyewe alikuwa amepotewa na hesabu ya siku. Miongoni mwa waliotoka mbio kumlaki Stanley ni Abdallah Susi, mtumishi wa Livingstone, ambaye baadaye, pamoja na Chuma na wenzao, aliusafirisha mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo, 1874. Sanamu za pale zinawaonyesha wageni wawili tu wakivuliana kofia.

Akiwa mwembeni, mgeni huduwaa kuona maji ya ziwa yako mbali. Wakati wa Livingstone yalikuwa jirani. Mwishoni mwa miaka ya 1870 kizuizi cha mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa upande wa Kongo, kilibomoka na usawa wa ziwa ukashuka kwa mita kadhaa.

Ufuko wa Ujiji ni wa maji mafupi. Wajerumani waliopeleka reli ya kati walichagua ghuba ya Kigoma, yenye kina cha kutosha meli, na reli ikafika 1914. Jumapili inatosha kwa stesheni yao na historia ya meli ya Liemba: iliundwa Papenburg, ikasafirishwa vipandevipande, ikashushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, kisha Waingereza wakaiibua na kuirudisha kazini 1927. Ndani ya miaka michache baada ya reli kufika, mizigo ya ziwa ikahamia Kigoma. Masheikh walibaki Ujiji, na ndiyo sababu msafiri anahitaji siku mbili badala ya moja.