Annie Moore wa Texas hakupanda meli

Tarehe 1 Januari 1892 serikali ya Marekani ilifungua kituo kipya cha kupokelea wahamiaji kwenye kisiwa cha Ellis, bandarini New York. Wa kwanza kuandikishwa alikuwa msichana kutoka Ayalandi, Annie Moore, aliyefika kwa meli ya Nevada pamoja na wadogo zake wawili, Anthony na Philip. Walikuwa wamepandia Queenstown, kaunti ya Cork, wakiwafuata wazazi waliokwishatangulia. Annie alipewa sarafu ya dhahabu ya dola 10 na magazeti yakamwandika kuwa ana miaka 15, ingawa alikuwa na 17. Baada ya hapo akapotelea mjini kama wenzake.

Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba alihamia Texas, akaolewa huko, na mwaka 1923 akagongwa na tramu akafa. Wajukuu wa mama huyo wa Texas walialikwa kwenye hafla za kumbukumbu. Hadithi ilinoga, na kaburi lilikuwepo. Lakini mtafiti wa nasaba, Megan Smolenyak, alipopekua madaftari ya sensa alimkuta Annie Moore wa Texas ameandikwa mzaliwa wa Illinois, katikati ya Marekani. Mwaka 2006 Smolenyak akatangaza zawadi ya dola 1,000 kwa atakayemwonyesha alipo Annie wa meli ya Nevada, na majuma machache tu yakatosha. Karatasi za uraia za mdogo wake Philip ndizo zilizofungua njia. Annie hakuwa amekwenda popote. Aliolewa, akazaa watoto wasiopungua 10, wengi wakafa wadogo, na mwenyewe akafariki mwaka 1924 katika New York ileile aliyoshukia.

Kisa hiki kinanipendeza kwa sababu kinaonyesha jina peke yake lina thamani ndogo kiasi gani. Kina Annie Moore walikuwa tele. Anayemsaka babu au bibi kwa jina tu hatakosa kumpata mtu, ila huenda akampata babu wa watu.

Ndiyo maana wazoefu huanzia mwisho na kurudi nyuma. Sensa ya Marekani hufanyika kila miaka 10 tangu 1790, lakini hadi 1840 karani aliandika jina la mkuu wa kaya tu, wengine wote wakawa hesabu. Mwaka 1850 kila mtu huru akaanza kutajwa kwa jina. Watumwa walipewa daftari lao lenye umri, jinsia na rangi, chini ya jina la bwana wao, kwa hiyo Wamarekani weusi wengi wanaofuata ukoo wao hugonga ukuta kwenye sensa ya 1870. Kwa wanaotafuta wahamiaji, daftari tamu ni la 1900: karani aliuliza mtu alihamia mwaka gani, amekaa miaka mingapi, na kama ameshapata uraia. Lile la 1890 lingefaa sana, lakini sehemu yake kubwa iliharibiwa na moto wa Washington mwaka 1921.

Ukiwa na mwaka wa kuhamia, sasa unarudi melini. Manahodha walitakiwa kukabidhi orodha za abiria tangu 1820, na orodha za mwanzo ni kavu: jina, umri, jinsia, kazi, nchi. Sheria ya 1893 ikaleta maswali ya kidadisi. Nauli umelipiwa na nani? Unakwenda kwa nani, anakaa wapi? Umewahi kufungwa jela? Una wake wengi? Mfukoni una dola 30, na kama hazifiki, una ngapi? Kuanzia 1907 ikaongezwa safu ninayoiona ya thamani kuliko zote: jina na anwani ya ndugu wa karibu aliyebaki nyumbani. Hapo mtafiti hupewa kijiji, na mara nyingi jina la baba au mama.

Orodha hizo ziliandikwa na makarani wa kampuni za meli, huko safari ilikoanzia. Mkaguzi wa Ellis alikuwa nazo mkononi akiulizia yaliyokwisha kuandikwa. Ile simulizi ya familia nyingi, kwamba afisa wa bandari ndiye aliyewabadilishia jina, haina mashiko. Wengi walijibadilisha wenyewe baadaye, ili wapate kazi au wasisumbuliwe.

Kwa Waayalandi kazi huwa ngumu wakishavuka bahari kurudi nyuma. Sensa zao za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliteketea Dublin mwaka 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipua jengo la nyaraka. Za 1861 na 1871 serikali ilikuwa imekwisha kuziharibu yenyewe, na za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Zilizobaki nzima ni za 1901 na 1911. Yaani watu waliokimbia njaa kuu ya miaka ya 1840 hawamo kabisa, na hapo inabidi kubisha hodi kanisani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu wa Moneygall, Ayalandi, aliyefika New York mwaka 1850 kwa meli ya Marmion, kisha akalima Ohio na Indiana. Ni babu wa babu yake Ann Dunham, mama wa Barack Obama. Smolenyak huyohuyo alimfuatilia, na mchungaji wa huko Ayalandi akaipata familia yake katika vitabu vya parokia. Mwaka 2011 Obama akaenda Moneygall akanywa bia. Upande wa baba, Kogelo nchini Kenya, hapakuhitajika meli wala daftari, maana Wajaluo walishika nasaba zao kwa mdomo.

Baba yake Obama mwenyewe aliingia Marekani mwaka 1959 kusoma Hawaii. Majina ya sensa ya Marekani hufichwa kwa miaka 72, hivyo ya 1960 yatafunguliwa Aprili 2032. Kama karani hakumruka, katika kurasa za Honolulu atakuwemo mwanafunzi mmoja mzaliwa wa Kenya.