Kandanda ya Nyanza Kusini: Ushindi Uliosikika na Ushindi Ulioonekana

Historia ya kandanda katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambazo zamani zilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini, ina pande mbili zisizolingana uzito. Upande wa kwanza ulisikika redioni, kwa kuwa klabu inayopendwa kuliko zote katika eneo hilo ina makao yake Nairobi, na upande wa pili ulionekana kwa macho, katika uwanja uliozungukwa na mashamba ya miwa huko Awendo. Mashabiki waliokula chumvi nyingi wanapoulizwa siku zao bora, huanza na zile za redioni, ingawa ni Awendo pekee iliyowahi kuleta kombe la ligi kuu ya Kenya nyumbani kwao.

Klabu hiyo ya Nairobi ni Gor Mahia, na jina lake lilitoka Nyanza Kusini. Gor Mahia alikuwa mganga na kiongozi wa Kanyamwa, katika sehemu ya Ndhiwa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, naye husimuliwa kuwa aliweza kujigeuza mzee, mtoto au mnyama machoni pa adui zake. Klabu iliyoanzishwa Februari 1968, katika jitihada za kuziunganisha timu za Waluo zilizokuwa zikigawana wachezaji na mashabiki, ilichukua jina lake, na ikalitwaa taji la ligi mwaka huohuo wa kwanza. Mashabiki huiita pia K'Ogalo, yaani ya ukoo wa Ogalo, alikotoka mganga huyo. Serikali ilipoagiza klabu ziache majina ya kikabila, karibu na mwaka 1980, Luo Union iligeuka Re-Union na Abaluhya ikawa AFC Leopards, lakini jina la Gor Mahia, ambalo ni la mtu na si la kabila, lingali linatumika hadi leo.

Aliyeishi Karungu, Mbita au Kuria hakuwa na njia rahisi ya kufika Nairobi Jumapili alasiri, kwani safari ilimla siku nzima na nauli ilimla mfuko. Aliyemletea mchezo alikuwa mtangazaji wa Sauti ya Kenya, shirika la serikali lililokuja kuitwa KBC mwaka 1989, na sauti iliyotambulika zaidi miongoni mwa watangazaji hao ilikuwa ya Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Utangazaji wa mpira redioni ni sanaa ya pekee, kwa sababu msikilizaji huujenga uwanja mwenyewe kichwani, akampa kila mchezaji kimo, kasi na sura ambavyo pengine hakuwa navyo, na ndiyo maana haifai kuwakosoa sana wazee wanaosimulia mechi za miaka hiyo kana kwamba waliketi jukwaani.

Mwaka 1979 Gor Mahia ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, yaani mashindano ya klabu zilizotwaa vikombe vya nchi zao, ikafungwa na Canon Yaoundé ya Kamerun kwa jumla ya mabao 8 kwa bila katika mechi mbili. Kipigo hicho hakitajwi mara nyingi miongoni mwa mashabiki. Kinachotajwa ni mwaka 1987, klabu iliporudi katika fainali ya mashindano hayohayo, ambayo wakati huo yalipewa jina la Nelson Mandela, aliyekuwa bado kifungoni Afrika Kusini. Mechi ya kwanza dhidi ya Espérance ilichezwa Tunis na kumalizika kwa sare ya 2-2, na ya marudiano ilichezwa Desemba 5 katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, uliokuwa umefunguliwa mwaka huohuo kwa ajili ya Michezo ya Afrika Nzima. Peter Dawo alifunga, Watunisia nao wakapata bao, na sare ya 1-1 ikatosha, kwa kuwa kanuni ya mabao ya ugenini ilimpa ushindi aliyefunga mengi zaidi nje ya kwao pale jumla ilipolingana. Nahodha Austin Oduor alipokea kombe ambalo Gor Mahia ilikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kulitwaa, na hadi leo hakuna klabu nyingine ya nchi hiyo iliyowahi kuwa bingwa wa mashindano ya bara.

Upande wa pili wa historia hii ulianzia kiwandani. Kampuni ya sukari ya Nyanza Kusini, maarufu kama SoNy, yenye kiwanda chake Awendo, iliundwa mwaka 1976 kama shirika la umma, na timu yake ilikuwa ya aina iliyoenea sana magharibi mwa Kenya, ambako viwanda vya Mumias, Nzoia na Chemelil pia vilikuwa na timu zao: kampuni ndiyo iliyolipa wachezaji na gharama za safari, na hivyo fedha za miwa ndizo zilizoendesha mpira. Mwaka 2006 SoNy Sugar ilitwaa ubingwa wa ligi kuu, baada ya Ulinzi Stars ya 2005 na kabla ya Tusker ya 2007, katika kipindi ambacho Gor Mahia yenyewe ilikaa bila taji la ligi tangu 1995 hadi 2013. Wakulima walioshuka barabara ya Rongo hadi Awendo waliona kwa macho yao kile ambacho baba zao walikisikia tu. Hata hivyo, K'Ogalo ilipokuja kucheza hapo, sehemu kubwa ya majukwaa ilivaa kijani cha wageni, na hata leo ni rahisi zaidi kumpata kijana wa Uriri anayekitaja kikosi cha 1987, ambacho hakukiona, kuliko anayekitaja cha 2006, kilichocheza kilomita chache kutoka kwao. Kwa kipimo chochote cha haki, hilo ni deni ambalo Migori haijawalipa mabingwa wake.

Kati ya pande hizo mbili kuna mashindano ya vijijini, hasa ya Desemba, watu wanaporudi kutoka mijini na mshindi huweza kupewa fahali. Lakini huko Karachuonyo, ambako Waadventista wa Sabato walijenga misheni ya Gendia mwaka 1906, muumini aliyeshika mafundisho hakucheza Jumamosi, hata kama timu ilikuwa na fainali.

Matatizo ya sukari yalipozidi, yaani madeni, mitambo chakavu na sukari ya nje iliyouzwa kwa bei nafuu, timu ziliumia pamoja na viwanda. Mwaka 2019 kampuni ya SportPesa, iliyokuwa ikifadhili ligi, ilijiondoa, na Novemba mwaka huo SoNy Sugar ikafukuzwa ligi kuu kwa kushindwa kufika katika mechi tatu, ikaiacha ligi na timu 17. Mei 2025 serikali ilikikodisha kiwanda cha Awendo kwa mwekezaji binafsi kwa miaka 30, kama ilivyovikodisha vingine vitatu kwa wawekezaji wengine. Iwapo mwekezaji huyo ataihesabu timu ya mpira kuwa sehemu ya biashara ya sukari, kama walivyofanya waliomtangulia, ni jambo litakaloamuliwa katika vitabu vya hesabu na si uwanjani.