Mkataba ulioitwa majina manne

Katika chumba cha habari cha redio, sehemu kubwa ya habari za nje hutufikia kwa Kiingereza, nasi tunatakiwa kuzisoma hewani kwa Kiswahili kabla ya saa kugonga. Kazi hiyo imenifundisha kulihofia neno moja la kwetu, neno "mkataba". Kocha akiajiriwa, tunasema ametia saini mkataba. Mwenye nyumba na mpangaji wake wana mkataba. Marais wawili wakikubaliana kugawana maji ya mto, nao wametia saini mkataba. Waingereza wana "contract", wana "agreement", wana "treaty", na mambo ya upangaji wana "lease". Mwanafunzi anayefungua kamusi ili ajue achague lipi hatoki na kitu kikubwa, maana maneno hayo karibu yote humrudisha palepale: mkataba, mapatano, makubaliano.

Lugha hiyo imejaa maneno mapacha kwa sababu ya historia yake. Wanormani walipoivamia Uingereza mwaka 1066 walikuja na Kifaransa chao, na wenyeji wakabaki na Kiingereza chao, kisha lugha zote mbili zikachangia chungu kimoja. Ndiyo maana nguruwe akiwa zizini anaitwa "pig", lakini akifika sahanini amekuwa "pork". Hapo hakuna anayedhurika, isipokuwa nguruwe. Lakini yapo mapacha wengine, hasa yale ya sheria, ambayo ukichagua mmoja unapata shamba na ukichagua mwingine unalikosa. Mfano ninaoujua vizuri umetokea hapahapa Afrika Mashariki.

Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, mahali paitwapo Kisumu leo, mwaka 1901, na baada ya hapo walowezi wa Kizungu wakaanza kuyamezea mate malisho ya Bonde la Ufa. Malisho hayo yalikuwa ya Wamasai. Mwaka 1904 Kamishna wa Uingereza, Sir Donald Stewart, alikaa na wazee wa Kimasai, akiwamo laibon Olonana ambaye Waingereza walizoea kumwita Lenana, ikaandikwa hati. Wamasai wangeondoka Naivasha na Nakuru, na badala yake wangepewa maeneo mawili, moja la kusini na jingine la kaskazini huko Laikipia. Hati ilisema mpango huo utadumu maadamu Wamasai wapo kama kabila. Kichwa chake kiliandikwa "agreement".

Maadamu hiyo ilidumu miaka saba. Walowezi walipoitamani na Laikipia, hati ya pili iliandikwa mwaka 1911, nayo ikiitwa "agreement", ikiwataka Wamasai wa kaskazini wahamie kusini. Wengi hawakuikubali. Walisema waliotia alama zao hawakuwa na mamlaka ya kuitoa Laikipia. Watu na mifugo wakaswagwa hata hivyo.

Sasa wakafanya jambo ambalo watawala hawakulitazamia kutoka kwa wafugaji wenye mikuki: walikwenda mahakamani. Mwaka 1913 ilisikilizwa kesi ambayo Ole Njogo na wenzake waliishtaki Serikali. Hoja yao, kwa lugha nyepesi, ilikuwa kwamba hati ya 1904 ni mapatano ya kawaida ya kisheria, yaani "contract", kama ya muuzaji na mnunuzi, na kwamba ile ya 1911 haikuwafunga. Aliyevunja mapatano alipe, na ng'ombe waliopotea wahesabiwe.

Mahakama ilichagua neno jingine. Ilisema Afrika Mashariki ya Kiingereza si koloni bali ni "protectorate", nchi iliyo chini ya ulinzi tu. Kwa hiyo Wamasai si raia wa Mfalme wa Uingereza. Kisheria ni wageni wanaolindwa naye, na bado wana chembe ya mamlaka yao wenyewe. Na watu wenye mamlaka yao wakipatana na Mfalme, mapatano hayo si "contract". Ni "treaty", mkataba wa taifa na taifa. Mikataba ya mataifa haiamuliwi na mahakama za kawaida. Kesi ikatupwa, na rufaa nayo ikatupwa.

Naomba msomaji asiupite upesi uamuzi huo. Siku ile Wamasai walipandishwa cheo wakawa taifa, sawa na Ufaransa au Ujerumani, lakini hawakuwa na balozi London wala mahali popote pa kupeleka malalamiko ya taifa lao. Sijaona katika historia yetu heshima nyingine iliyomgharimu mtu ng'ombe wengi namna ile. Na neno ambalo wao walilitegemea, "agreement", ndilo lililoandikwa juu ya karatasi ya Serikali yenyewe.

Mtu anaweza kudhani kwamba kama tatizo lilikuwa "protectorate", basi "colony" lingewasaidia wenyeji. Likaja. Mwaka 1920 nchi ile ilitangazwa kuwa Koloni la Kenya, isipokuwa ukanda wa pwani wa maili kumi uliokuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, ambao uliendelea kuitwa "protectorate" hadi 1963. Sasa Wakikuyu na wengine wa bara walikuwa raia wa Mfalme, si wageni tena. Mwaka 1921 Wakikuyu walipofikishana mbele ya Jaji Mkuu Barth wakigombea shamba, katika kesi ya Isaka Wainaina, Jaji alisema sheria ya ardhi ya 1915 na tangazo la 1920 vimeifanya ardhi yote ile kuwa ya Mfalme, na wenyeji ni wapangaji wake tu, ambao anaweza kuwaondoa wakati wowote. Kwa neno la kwanza ulikosa ardhi kwa kuwa mgeni, na kwa neno la pili ukaikosa kwa kuwa raia.

Upande wetu wa mpaka neno lilikuwa la tatu. Tanganyika ilinyang'anywa Wajerumani, na Uingereza ikaipokea kama dhamana ya Shirikisho la Mataifa, na kuanzia 1946 kama nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Wakubwa wa Dar es Salaam waliliona neno hilo kama pambo la makaratasi, wakatawala kama majirani zao. Mwaka 1951 waliwafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa moto, ili kuwapisha walowezi na mifugo yao. Lakini mdhaminiwa ana haki ya kumlalamikia mdhamini. Wameru walichanga fedha wakamtuma Kirilo Japhet, naye mwaka 1952 alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini akaeleza yaliyowapata. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule. Lakini walisikilizwa, jambo ambalo Ole Njogo alinyimwa, na mlango ule ule ndio alioupita Mwalimu Nyerere Machi 1955.

Kuhusu hati ya Kamishna Stewart, habari yake haikuishia mahakamani. Agosti 2004, ilipotimiza miaka 100, Wamasai wa Kenya waliandamana Nairobi na sehemu nyingine wakidai Laikipia. Safari hii wengi wao walitumia jina la nne. Walisema ile ilikuwa "lease", upangaji wa miaka 99 au 100, na muda wake umekwisha, kwa hiyo mpangaji atoke. Hati yenyewe haitaji 99 wala 100. Inasema maadamu Wamasai wapo, nao wapo. Serikali ya Kenya iliyakataa madai hayo, na polisi wakawatawanya waandamanaji kwa mabomu ya machozi.